Friji au kabati? Tazama kwanza kinachoilinda sosi yenyewe

Ndugu uliyeuliza iwapo chupa za sosi zikishafunguliwa zikae kwenye friji au kabatini, nimesimamia jiko kwa miaka mingi na naamini mazoea ya nyumba hayatoshi kuamua jambo hili. Tazama kwanza kinachozuia kitu hicho kisiharibike: je, ni asidi, chumvi, sukari, au ni uchache wa maji?

Siki haina haja ya friji. Asali pia ibaki kabatini, kwa kuwa maji yake kwa kawaida hayafiki asilimia 20 na vijidudu havistawi humo, ilhali baridi huifanya igande upesi. Sosi ya soya ya kawaida hulindwa na chumvi yake nyingi, ingawa anayeitumia kwa nadra ataihifadhi ladha yake vizuri zaidi kwa kuiweka kwenye friji.

Ubishi mkubwa huwa juu ya tomato sosi. Kiwango chake cha pH (kipimo cha asidi; namba ikipungua, asidi imezidi) ni karibu 3.9, nacho kiko chini ya 4.6, mpaka ambao bakteria wa botulizimu, yaani wale wanaotoa sumu ya chakula inayoweza kuua, hawawezi kukua chini yake. Kwa hiyo wanaosema haina hatari kubwa kabatini wana hoja. Hata hivyo, ukungu na hamira huvumilia asidi hiyo. Fungua chupa iliyokaa kabatini muda mrefu, uchunguze mdomo wake: utakuta sosi iliyokauka na kugeuka kahawia kuzunguka ukingo, na pengine vidoa vya ukungu chini ya kifuniko, hali sosi iliyo ndani bado inaonekana nzuri. Kwa sababu hiyo mimi huiweka kwenye friji, isipokuwa pale ambapo walaji ni wengi na chupa huisha baada ya wiki chache.

Mayonezi ya dukani ikishafunguliwa iende kwenye friji, kama lebo inavyoelekeza. Ile ya kutengeneza nyumbani kwa mayai mabichi sina mjadala nayo: iingie kwenye friji mara tu inapokamilika, kwenye nyuzi 4 za Selsiasi au chini yake, na iliwe ndani ya siku chache, kwa kuwa mayai hayo yanaweza kuwa na salmonela, bakteria wanaoleta kuhara.

Ninachowasihi sana wote ni kuhusu kitunguu saumu kibichi kilicholowekwa kwenye mafuta. Wengi hukiacha karibu na jiko wakidhani mafuta yanakihifadhi, kumbe mafuta huzuia hewa, kitunguu chenyewe hakina asidi ya kutosha, na bakteria wa botulizimu hustawi pasipo hewa. Sumu yao inaweza kuwamo bila chakula kubadilika harufu wala ladha, kwa hiyo kuonja si kipimo, tena ni hatari. Kiweke kwenye friji, nami sikitumii baada ya siku 4.

Jihadharini pia na jemu na sosi zilizopunguzwa sukari au chumvi, kwani kilichopunguzwa ndicho kilichokuwa kinga. Kwa hizo, fuateni lebo bila kulinganisha na zile za zamani. Na kwa kuwa mlango wa friji hupata joto kila unapofunguliwa, uachieni chupa zenye asidi nyingi kama tomato sosi na haradali. Mayonezi na kitunguu saumu cha mafuta vikae rafu ya ndani, nyuma kabisa.