Ushindani wa magitaa jukwaani

Ndugu yangu wa Mikindani, nimekuelewa: wewe na mpiga gitaa mwenzako katika bendi yenu ya roki mnataniana jukwaani, kila mmoja akipandisha sauti ili amfunike mwingine, na sasa mwimbaji hasikiki. Utani huo msiuue, maana ndio unaowachangamsha watazamaji. Upangieni nafasi, mpokezane solo (zamu ya gitaa moja kutamba) kila baada ya mapigo 16, huku anayesubiri akishika rithimu kwa sauti ya chini. Mitambo ya sauti akabidhiwe mtu asiyepiga gitaa (mpiga ngoma naye simwamini sana). Kinachonitia wasiwasi zaidi ni masikio: kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 kila siku huweza kudhuru, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda salama kwa nusu. Mlio ukibaki masikioni hadi kesho yake, nenda Hospitali ya Ligula, hapo Mtwara, ukapimwe.