Anzeni kwenye jalada: kwa wanaoanza masomo ya adhabu na urekebishaji

Wadogo zangu mlioanza masomo haya mwaka huu, iwe ni sheria, ustawi wa jamii pale Kijitonyama au mafunzo ya maofisa magereza Ukonga, hili ningependa mlijue mapema: gereza halichagui watu wake. Mtu huletwa na hati ya mahakama, na mkuu wa gereza hana mamlaka ya kulirudisha karandinga mahakamani Kisutu kwa sababu selo zimejaa na watu wanalala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni kwa yule. Mengi mtakayoyaona ndani yameamuliwa nje, kabla mtu hajavuka geti. Kwa hiyo ukipelekwa gereza la Keko au Segerea kwa mafunzo kwa vitendo, anza na majalada: nani yuko pale, kwa amri ipi, tangu lini.

Jambo la kwanza jalada litakalokuonyesha ni kama huyu ni mfungwa, yaani ameshahukumiwa kifungo, au mahabusu, yaani bado anasubiri kesi yake iamuliwe. Mtaani mtu akipelekwa Segerea watu husema "kafungwa", basi. Ninyi msiseme hivyo. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba yetu ya Tanzania inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa. Kanuni za Mandela nazo, za namna ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2015, zinataka mahabusu atengwe na wafungwa, na asilazimishwe kufanya kazi. Ukimkuta mahabusu amechanganywa na waliohukumiwa, ujue hapo pana kasoro ya kuandikwa kwenye ripoti yako, hata kama wote wanaonekana wamezoea.

Sasa mfikirie kijana wa bodaboda aliyepanga chumba Mbagala. Hakimu amesema dhamana iko wazi: wadhamini wawili, kila mmoja awe na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa. Kwenye karatasi ni masharti mepesi. Lakini kijana ana miezi michache tu pale, mjumbe hamjui, ndugu zake wako Kigoma, na mwenye nyumba hataki kusikia habari za mahakama. Anarudi mahabusu. Kesi inatajwa, upelelezi haujakamilika, anarudi tena. Huku nje mwenye pikipiki ya mkataba keshampa mtu mwingine, na vyombo vyake vimetolewa uani ili chumba kipate mpangaji mpya. Siku mahakama ikimwona hana hatia, atakuwa ameshapoteza kazi na makazi. Vijana wa namna hii ni wengi, na huwa inaniuma, kwa sababu pengine kilichokosekana ni mtu wa kupanda daladala kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kufuatilia barua. Kazi hiyo hata mwanafunzi anaweza kuifanya, akiwa na kibali cha wakubwa zake.

Nadharia mtafundishwa vizuri darasani, sitakaa sana hapo: adhabu kama malipo ya kosa, adhabu ya kuwatia wengine hofu, kumtenga mhalifu na jamii, kumrekebisha, na kumrudishia haki aliyekosewa. Ila someni kwa makini hoja ya mwanafikra Cesare Beccaria wa Italia, ya mwaka 1764, kwamba kinachozuia uhalifu ni uhakika wa kukamatwa na kuadhibiwa zaidi ya ukali wa adhabu. Kisha iwekeni kando ya sheria yetu, ambayo kwa unyang'anyi wa kutumia silaha inataka kifungo kisichopungua miaka 30. Ukisoma hukumu yoyote jiulize hakimu alikuwa anatafuta lipi kati ya malengo hayo, na kama kifungo hicho kweli kinaweza kulifikisha.

Na kifungo si adhabu pekee. Kifungu cha 38 cha Kanuni ya Adhabu kinaruhusu mtu aachiwe kwa masharti. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inamwezesha hakimu kumpa mkosaji kazi ya manufaa kwa umma, bila malipo, pale ambapo kifungo kinachomstahili hakizidi miaka mitatu. Hapa ndipo afisa wa uangalizi, yule anayewasimamia wakosaji wanaotumikia adhabu nje ya gereza, ana nguvu kubwa, kwa sababu hakimu hutegemea ripoti yake ya uchunguzi wa kijamii. Ripoti hiyo usiiandikie mezani. Nenda anapoishi mtu, ongea na mjumbe, ongea na aliyekuwa anamwajiri, na usimruke mlalamikaji. Mama aliyeibiwa mtaji wake wa samaki sokoni Feri akimwona mwizi wake anafagia zahanati, ataona kaachiwa hivi hivi. Mweleze mapema, msikilize, muulize anataka nini. Mkimwacha pembeni, mtaa mzima utaichukia sheria hiyo.

Mkiwa ndani, salamu na heshima kwa wote. Usimuulize mfungwa kosa lake mbele ya wenzake, na usimwahidi chochote ambacho hakiko mikononi mwako, hata simu moja kwa mkewe. Msiwafanye askari kuwa maadui wa mageuzi pia. Afande anayehesabu watu waliozidi nafasi, zamu baada ya zamu, anajua matatizo ya gereza lile kuliko sisi sote.

Kisha fuatilieni wanaotoka. Tuna Bodi za Parole, zinazohusika na kumwachia mfungwa kwa masharti kabla muda wake haujaisha, kwa sheria ya mwaka 1994, tuna msamaha wa Rais chini ya Ibara ya 45, na wengi hutoka tu kwa kumaliza muda wao. Mtu amejifunza useremala Ukonga, mkono wake ni mzuri. Muulizeni miezi kadhaa kabla hajatoka: una cheti? Una randa na msumeno wa kuanzia? Nani atakupokea, na utalala wapi usiku wa kwanza uraiani? Majibu yaandikeni kwenye jalada lake, na yale yasiyo na jibu yapelekeni kwa afisa ustawi wa jamii wakati bado kuna muda wa kuyashughulikia.