Je, babu yangu aliyekufa bila ubatizo yuko Jehanamu?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi wilaya ya Chamwino. Babu yangu mzaa baba alifariki mwaka huu bila kubatizwa. Alikuwa mzee wa ukoo na ndiye aliyeongoza tambiko la mvua, ila hakumzuia mtoto wake yeyote kwenda kanisani, na miaka ya njaa aligawia majirani uwele mpaka ghala likabaki tupu. Siku ya mazishi mwinjilisti alisimama mbele ya waombolezaji akasema, "Hivi tunavyozungumza, mzee huyu anaungua." Bibi alisikia, na tangu siku hiyo hataki habari za kanisa. Ni kweli babu yuko Jehanamu? Mungu wa upendo anawezaje kumchoma mtu milele? Tunaambiwa pia kwamba ukame wa misimu hii miwili umeletwa na matambiko ya wazee kama yeye. Ukoo unataka tukutane kaburini baada ya mavuno. Niende?

JIBU: Amina, binti yangu. Pole sana kwa msiba, na bibi umfikishie pole zangu.

Nianze na neno lililomuumiza bibi. Mwinjilisti yule alitamka hukumu ambayo hakupewa kuitamka. Yohana 5:22 inasema Baba amempa Mwana hukumu yote. Haikubakia sehemu ya kugawiwa wahubiri wa msibani. Ndugu zetu Wakatoliki wana utaratibu mrefu wa kumtangaza mtu kuwa mtakatifu, lakini katika karne zote hizi Kanisa lao halijamtangaza mtu hata mmoja, kwa jina lake, kwamba yuko motoni.

Sisemi kwamba Jehanamu haipo. Katika Agano Jipya hakuna aliyeitaja mara nyingi kuliko Yesu mwenyewe. Lakini angalia alikuwa akisema na nani. Katika Mathayo 23 ni waandishi na Mafarisayo, watu wa dini. Katika Mathayo 5 ni mtu anayemtukana ndugu yake. Katika Mathayo 18 anawaonya wanafunzi wake mwenyewe, baada tu ya kusema juu ya anayewakosesha wadogo. Tajiri wa Luka 16 anateseka kuzimu baada ya kumwacha Lazaro na vidonda vyake mlangoni pake. Jehanamu kinywani mwa Yesu ni onyo kwa anayesikiliza, angali hai na anaweza kugeuka. Kuichukua na kuifanya taarifa ya habari juu ya mtu aliyelala kwenye jeneza, mbele ya mjane wake, ni kuitumia kwa kazi ambayo Bwana hakuitumia.

Kuhusu umilele wa mateso, ujue kwamba Wakristo hawakusema kwa sauti moja. Augustino, askofu wa Hipo huko Afrika Kaskazini, mwanzoni mwa karne ya 5, alitetea kwa nguvu adhabu isiyo na mwisho, na Kanisa la Magharibi kwa sehemu kubwa likamfuata. Kabla yake, mwalimu wa Kanisa Origeni wa Aleksandria alitumaini kwamba mwishowe wote watarejea kwa Mungu. Fundisho hilo lilikataliwa katika karne ya 6. Hata hivyo askofu Gregori wa Nisa, aliyekuwa na tumaini linalokaribiana na hilo, anaheshimiwa hadi leo kama mtakatifu. Wasabato wanafundisha kwamba waovu watateketea na kutokuwapo tena, na John Stott, padri wa Kianglikana aliyeheshimika sana miongoni mwa Wakristo wa kiinjili duniani, aliandika mwaka 1988 kwamba anaelekea huko. Sisi Waanglikana, Ibara zetu za imani, yaani tamko la mafundisho ya Kanisa la Uingereza, za mwaka 1553 zilikuwa 42, na ya mwisho iliwalaani wanaosema watu wote wataokolewa. Mwaka 1563 ibara hiyo iliondolewa. Haikuwekwa ya kusema kinyume chake. Palibaki kimya, na mimi nakiheshimu sana kimya hicho.

Imani yangu ni hii. Mathayo 25:46 inataja adhabu ya milele, na sina ruhusa ya kuifuta. Naamini mtu anaweza kumkataa Mungu hadi mwisho. Lakini Mungu huyo huyo anasema katika Ezekieli 33:11 kwamba hakufurahii kufa kwake mtu mwovu, na Yesu katika Luka 12 anasema asiyejua mapenzi ya bwana wake atapigwa kidogo. Wanaomhubiri Mungu kama mtesaji asiyepima hawajafika kwenye mistari hiyo.

Sasa babu. Utaambiwa, "Lakini Injili aliisikia." Kweli, wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana kutoka Uingereza, walifika Mpwapwa tangu miaka ya 1870, na dayosisi ya Central Tanganyika ilianzishwa mwaka 1927, kanisa halikuwa mbali naye. Ila alisikia nini, na kwa kinywa cha nani, Mungu ndiye anayejua. Kama alichosikia ni kwamba baba yake na babu yake wanaungua, basi aliukataa ukatili, na sitathubutu kusema alimkataa Kristo. Sikwambii kwamba uwele alioutoa ulimnunulia mbingu. Hata mimi mwenye kola shingoni sitainunua. Tumaini langu kwa ajili yake liko kwa Yesu peke yake, lile lile nililo nalo kwa ajili yangu. Ibrahimu alipoiombea Sodoma aliuliza: Mhukumu ulimwengu wote asitende haki? Mwambie bibi ashike swali hilo.

Kuhusu ukame, hapa nina uchungu. Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na mvua ikikatika Januari, uwele hauulizi nani kabatizwa. Wazee wetu waliisimulia Mtunya, njaa ya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake. Majeshi ya Wajerumani kisha ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, halafu mvua ikakosekana. Wagogo walikufa kwa maelfu. Nani atasema maelfu hao waliuawa na matambiko? Yesu aliletewa habari ya namna hiyo katika Luka 13, naye akawataja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu: hawakuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu.

Mwinjilisti atakutajia Elia na ukame uliokuja siku za mfalme Ahabu. Ni haki yake. Ukame ule Maandiko yanauita hukumu. Lakini Elia alikuwa nabii, na katika ukame huo huo Mungu alimlisha kwa mkono wa mjane wa Sarepta, mwanamke wa Sidoni, nje ya Israeli. Tena njaa ilipotabiriwa katika Matendo 11, kanisa la Antiokia halikutafuta mwenye kosa. Lilichanga, kila mtu kwa uwezo wake, likapeleka msaada Uyahudi. Kanisa lenu limechanga debe ngapi msimu huu?

Kaburini nenda. Kufagia, kupanga mawe, kupika, kusimulia habari za babu, kupiga zeze na ngoma ya muheme: hakuna dhambi hapo. Mengi tunayoyaita ya Kikristo msibani, kama suti nyeusi na shada la maua, yalikuja na meli na hayamo katika Injili. Lakini kumwaga pombe kwa ajili ya waliolala na kuwaomba walete mvua, hapo usishiriki, maana mvua hutoka kwa Mungu (Matendo 14:17). Mwambie mzee atakayeongoza shughuli hiyo mapema, faragha, kabla ya siku yenyewe, ili asiaibike mbele ya ukoo.

Bibi usimbishie wala usimburute kanisani. Kaa naye, umsomee Zaburi ya 103 kwa Cigogo. Kisha mwone kasisi wa parokia yenu, umweleze yaliyotokea mazishini kama ulivyonieleza mimi. Ni wajibu wake kumchukua mwinjilisti huyo hadi nyumbani kwa bibi, na kwa kuwa neno lile lilisemwa hadharani, majirani waliokuwapo msibani waitwe, wasikie akiomba radhi.