Maswali ya Wasomaji: Kumwomba Mungu Asiye Mungu

Barua tatu tulizozichagua safari hii zimetoka kwa wasomaji wasiofahamiana, lakini zote zinahusu amri moja: "Usiwe na miungu mingine ila mimi" (Kutoka 20:3). Tumezifupisha bila kubadili maana yake.

SWALI: Ndugu Mhariri, jamaa yangu wa karibu ameacha imani tuliyolelewa nayo, na sasa anaiomba miungu ambayo Biblia inaiita ya uongo. Nikimwambia kuwa miungu hiyo haisikii, hunijibu kwamba tangu aanze kuiomba amepata kazi na maradhi yaliyomsumbua yamemwacha. Nimekosa la kusema. Biblia inafundisha nini kuhusu sala iliyopelekwa kwa mungu wa uongo na ikaonekana kujibiwa?

JIBU: Hoja ya jamaa yako ni ya zamani sana, na Biblia imeiandika waziwazi bila kuilainisha. Baada ya Wababeli kuubomoa Yerusalemu, kundi la Wayahudi lilikimbilia Misri likiwa na nabii Yeremia, na huko watu wakamwambia usoni kuwa hawatamsikiliza. Walimkumbusha kwamba siku zile walipokuwa wakimfukizia uvumba Malkia wa Mbinguni, mungu wa kike, walikula wakashiba, wakawa na hali njema, wala hawakuona mabaya. Ila tangu walipoacha kufanya hivyo wamepungukiwa na kila kitu, na upanga na njaa vimewamaliza (Yeremia 44:17-18). Ibada hiyo haikuwa jambo la kificho. Sura ya 7 ya kitabu hichohicho inaionyesha nyumba nzima ikiwa kazini: watoto wanaokota kuni, baba anawasha moto, mama anakanda unga wa mikate ya kumtolea Malkia huyo. Watu hawa walikuwa na ushahidi wa maisha yao wenyewe, na kwa hesabu yao ushahidi ulikuwa upande wao.

Tazama jinsi Yeremia alivyojibu, kwa maana hapo ndipo wengi wetu tunapokosea tunapojadiliana na watu kama jamaa yako. Hakubishana nao kama kweli walishiba. Alichokikataa ni sababu waliyoitoa: uvumba uleule waliousifu ndio ulioleta maangamizi, ingawa maangamizi yalikawia kwa sababu Mungu alivumilia mpaka hakuweza kuvumilia tena (44:21-23). Kumbukumbu la Torati 13:1-3 inakwenda mbali zaidi, kwani inakubali kwamba nabii anaweza kutoa ishara na ishara hiyo ikatokea kama alivyosema, na bado inaagiza asisikilizwe akiwa anawaita watu kwenye miungu mingine. Kwa kipimo cha Biblia, basi, kufanikiwa kwa ombi hakuthibitishi kwamba aliyeombwa ni Mungu.

Je, sala hiyo inapokelewa na nani? Paulo anatoa majibu mawili ambayo kwa haraka yanaonekana kupingana. Katika 1 Wakorintho 8:4 anasema sanamu si kitu, lakini katika sura ya 10, aya ya 20, anasema kuwa sadaka ambazo watu wa mataifa huzitoa huwa wanazitoa kwa mashetani. Mti uliochongwa ni mti, na chuma kilichoyeyushwa ni chuma, wala Paulo haoni uhai wowote ndani yake. Hata hivyo, anaona kwamba moyo wa mtu ukishatolewa kwa kitu hicho haubaki bila mwenyewe, kwa kuwa wapo wanaofaidika na ibada isiyokwenda kwa Mungu. Ndiyo maana hakuwaambia Wakorintho waidharau ibada ya sanamu tu, aliwaambia waikimbie.

Ukitaka kuona tofauti ya sala zenyewe, soma 1 Wafalme 18. Nchi ilikuwa katika ukame, na Baali alikuwa mungu aliyetegemewa kwa mvua, hivyo mashindano ya mlima Karmeli, ya kuona ni mungu yupi atajibu kwa moto, yalifanyika mahali ambapo sifa zake zilikuwa zimeshatiliwa shaka. Manabii wake 450 waliliita jina lake tangu asubuhi hata adhuhuri, wakarukaruka kuizunguka madhabahu, wakajikata kwa visu mpaka damu ikawachuruzika, huku Eliya, nabii wa Bwana, akiwadhihaki kwamba labda mungu wao amesafiri, au amelala na anahitaji kuamshwa. Zamu yake ilipofika aliagiza kuni zimwagiwe maji, mitungi minne mara tatu, kisha akaomba. Ombi lake ni aya mbili tu. Hakuwa na la kumnunulia Mungu wala kelele ya kumshtua, na ombi lenyewe lilikuwa kwamba watu wajue nani ni Mungu na mioyo yao igeuzwe.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba usishindane na jamaa yako kuhusu kazi wala afya. Furahi naye kwamba amepona. Muulize swali moja tu: je, kazi ikipotea na maradhi yakirudi, mungu huyo ataendelea kuwa mungu wake? Shadraka, Meshaki na Abednego, wakiwa mbele ya tanuru la Nebukadneza, walisema Mungu wao aweza kuwaokoa, wakaongeza kwamba hata asipowaokoa hawataisujudia sanamu ya dhahabu (Danieli 3:17-18). Maneno hayo hayawezi kusemwa na mtu ambaye ibada yake ni malipo ya huduma aliyopata. Nionavyo mimi, jamaa yako atalitafakari swali hilo muda mrefu kuliko aya zote utakazomsomea.

SWALI: Katika kundi letu la kujifunza Biblia umezuka ubishi. Wengine wanasema amri ya Mungu inakataza picha na sanamu za kila namna, wengine wanataja makerubi wa dhahabu, sanamu za viumbe wa mbinguni wenye mabawa, walioagizwa na Mungu mwenyewe. Nani yuko sahihi? Tena, sisi hatuna sanamu majumbani, je, mafundisho haya yanatuhusu?

JIBU: Ubishi huo umeyagawa makanisa kwa karne nyingi, na ukurasa huu hautaumaliza. Mtaguso wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa mwaka 787 uliruhusu picha takatifu ziheshimiwe huku ukisisitiza kwamba kuabudiwa ni kwa Mungu peke yake. Mwaka 1524, wakati wa matengenezo ya kanisa, picha na sanamu ziliondolewa katika makanisa ya Zurich. Hata namna ya kuzihesabu Amri Kumi hutofautiana: Wakatoliki na Walutheri huliunganisha katazo la sanamu na amri ya kwanza, wengine hulihesabu kuwa amri ya pili. Lililo wazi katika maandiko ni kwamba makerubi walikuwapo kwa agizo la Mungu (Kutoka 25:18), na kwamba agizo la Mungu halikukizuia kitu kisigeuzwe sanamu. Nyoka wa shaba aliyetengenezwa na Musa jangwani alikuwa halali kabisa, na waliomtazama waliponywa. Lakini baadaye Waisraeli wakaanza kumfukizia uvumba, na mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande (2 Wafalme 18:4). Kifaa kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni jinsi watu walivyokitumia.

Ningependa kundi lenu lisome pia Waamuzi 17 na 18, sura ambazo husomwa kwa nadra. Mtu mmoja aitwaye Mika alimwibia mama yake vipande 1,100 vya fedha, akavirudisha baada ya kumsikia mama akimlaani mwizi. Mama, kwa furaha, alitangaza kuwa fedha hiyo ameiweka wakfu kwa Bwana ili itengenezwe sanamu, kisha akampa mfua fedha vipande 200. (Mwandishi hasemi vile 900 vilikwenda wapi, na nadhani alinyamaza kwa makusudi.) Mika akajenga nyumba ya miungu, akamwajiri Mlawi kijana, mtu wa kabila la makuhani, kwa vipande 10 vya fedha kwa mwaka, pamoja na mavazi na chakula, akasema sasa anajua kwamba Bwana atamtendea mema kwa kuwa ana Mlawi kuwa kuhani wake. Watu 600 wenye silaha wa kabila la Dani walipopita wakazichukua sanamu, wakamwahidi kuhani cheo kikubwa zaidi, naye akafuatana nao kwa moyo mkunjufu. Mika akawakimbilia akilia kwamba wamechukua miungu aliyoifanya, na yeye amebakiwa na nini tena?

Hakuna mahali katika habari hiyo ambapo Mika anamkana Bwana. Jina la Bwana limo kinywani mwake na mwa mama yake. Haruni naye, alipokwisha kumtengeneza ndama, alitangaza sikukuu kwa Bwana (Kutoka 32:5). Sehemu kubwa ya ibada ya sanamu inayokemewa katika Agano la Kale ni ya watu wa namna hiyo, wasiotaka kumwacha Mungu ila wanataka kuwa naye karibu, nyumbani, chini ya mkono wao, na kitu kingine cha akiba pembeni. Hapo ndipo linapojibiwa swali lenu la pili. Ezekieli aliambiwa na Mungu kuwa wazee walioketi mbele yake wamezitia sanamu mioyoni mwao (Ezekieli 14:3), na Paulo ameiita tamaa ya mali ibada ya sanamu (Wakolosai 3:5). Nyumba isiyo na kinyago haijavuka mtihani kwa sababu hiyo pekee.

SWALI: Kazi yangu inanitaka nimsindikize mkuu wangu, ambaye ni wa dini nyingine, hata kwenye shughuli za ibada yake. Je, ninatenda dhambi?

JIBU: Naamani, jemadari wa Shamu, alikuwa na shida iyo hiyo. Alipoponywa ukoma aliahidi kutotolea sadaka miungu mingine, kisha akamweleza Elisha kwamba bwana wake huegemea mkono wake anapoingia nyumba ya Rimoni, mungu wa Washamu, kusujudu, na kwamba yeye naye hulazimika kuinama. Elisha alimwambia aende kwa amani (2 Wafalme 5:17-19). Vijana watatu wa Danieli 3 hawakuwa na nafasi hiyo, kwa sababu wao waliamriwa wasujudu wenyewe na kusujudu kwao kungekuwa ungamo mbele ya watu. Nawe pima hali yako kati ya mifano hiyo miwili: kumfungulia mkuu wako mlango na kusimama kimya ni utumishi, kutamka sala usiyoiamini au kutoa sadaka ni ibada. Mweleze mapema, kwa adabu, ni wapi utaishia, kama Naamani alivyolisema lake kabla hajaondoka kwa Elisha, pasipo kungoja kuulizwa.