Mgeni kasema "I don't get it", mie nikamwongeza karafuu

Ndugu uliyeuliza ukariri vipi maana zote za get ulizozikuta kwenye kamusi: usizikariri. Mie natembeza wageni Mji Mkongwe na kwenye mashamba ya viungo, Kiingereza nimekiokota njiani, na kitenzi hicho kimenitia aibu kuliko vyote.

Siku zangu za mwanzo, Kizimbani. Nimeshika kishada cha karafuu mbichi, namweleza mama mmoja wa Kizungu kuwa anachotia kwenye chakula chake ni tumba la ua, huchumwa kabla halijachanua. Akakunja uso: "I don't get it." Kichwani mwangu get ilikuwa kupata, basi. Masikini, hajapata! Nikamchumia nyingine, nikamtia mkononi. Akarudia maneno yale yale. Nikamwongeza. Tulipofika ya nne mwenzangu akaninong'oneza: "Yakhe, hajafahamu huyo, si hajapata."

Mwengine tulizungumza safari ya msitu wa Jozani, akaniambia "I'll get back to you." Nikamngoja mlangoni mwa hoteli hadi adhana ya magharibi, nikidhani atarudi. Kumbe alikusudia atanijibu. Na jibu lenyewe silioni hadi leo.

Aliyetangulia kukujibu kasema get ni kama piga yetu. Sikubali sana. Piga simu, piga pasi, piga deki, piga mbizi: mzigo wa maana umebebwa na jina linalofuata. Get mara nyingi hufanya kazi ambayo sisi tunaifanyia mkiani mwa kitenzi, au tuna kitenzi chake kabisa. Get wet ni kulowa. Get drunk, kulewa. Get him to laugh, mchekeshe. Hiyo get yote imeingia ndani ya -sha. My bag got stolen, mkoba umeibiwa, imeishia kwenye -wa. Ukitafuta "kupata" humo utapotea. Na get married ndiyo kiboko: kwetu mume kaoa, mke kaolewa, wao wote wawili neno ni hilo hilo moja, na ukitafsiri ovyo utamwozesha mwanamme wa watu kwa mkewe.

Kwa hiyo mie hutazama kilichokaa nyuma yake. Ikifuatwa na kitu, kama tiketi au barua, ndiyo kupata, kupokea, au kununua. Ikifuatwa na sifa, hali imebadilika: get tired, kuchoka. Ikifuatwa na mahali ni kufika. Get to Nungwi, kufika Nungwi.

(Neno lenyewe, kwa faida yako, Waingereza hawakuzaliwa nalo. Limetoka lugha ya kale ya Skandinavia, kwa wale mabaharia waliowavamia na kulowea kwao. Kama sisi na meza ya Mreno.)

Zinazobaki ni zile zenye vijineno vya nyuma, up, off, over, along. Hapo sina ujanja wa kukupa, utazibeba moja moja. Kwenye daladala ya 116, ile ya Nungwi, get on ni kupanda na get off ni kushuka, rahisi. Ila juzi kuna mzee kanionesha mkwewe akasema "we get on well", nami nikaanza kutazama huku na huku wamepanda nini. Kumbe wanasikilizana tu.