Jifunze Kukusanya Mbegu za Nyuki Dume Kabla ya Kuzigandisha

Mara ya kwanza nilipokusanya mbegu za nyuki dume, nilizihifadhi kwenye jokofu la nyumbani kwetu Nyegezi, Mwanza, juu ya rafu ya sato, nikiamini kwamba kadiri kitu kinavyopoa ndivyo kinavyodumu. Siku tatu baadaye nilimhimilisha malkia kwa mbegu hizo, yaani nilimwingizia kwa sindano, naye akataga mayai yaliyotoa madume matupu, kwa kuwa yai la nyuki lisilorutubishwa huwa dume. Kundi zima lilipotea kwa sababu ya kosa langu, na ndiyo maana wafugaji wenzangu wa Misungwi, Magu na Ukerewe wanaponiuliza watapata wapi mtungi wa naitrojeni ya kugandishia mbegu, mimi huanza kuwauliza wanakusanyaje mbegu zenyewe.

Mbegu za nyuki zikiwa bado kimiminika huumizwa na baridi ya jokofu. Zikiwa safi, ndani ya mrija mwembamba wa kioo uliozibwa pande zote mbili, hudumu hadi wiki mbili katika nyuzijoto 13 hadi 16. Hapa Mwanza chumba cha kawaida huzidi kiwango hicho mchana na usiku, kwa hiyo mimi hutumia kasha la kupozea lenye chupa za maji baridi, wala si barafu, nikiifunga mirija kwa kitambaa na kusoma kipimajoto asubuhi, mchana na jioni. Kwa mfugaji anayetaka kupeleka mbegu Ukerewe kwa kivuko na kuzitumia ndani ya juma hilohilo, njia hii inatosha kabisa, na hana haja ya naitrojeni.

Kazi ngumu zaidi ni ya kukusanya. Dume mmoja hutoa takribani maikrolita 1 tu (sehemu moja ya elfu ya mililita), ilhali malkia huhitaji maikrolita 8 hadi 12, nami huandaa madume wasiopungua 20 kwa kila malkia kwa sababu wengi hawatoi kitu. Dume hutoka kwenye seli siku 24 baada ya yai kutagwa, kisha huhitaji wiki mbili nyingine kukomaa. Malkia hutoka siku ya 16 na huwa tayari takribani siku saba baadaye. Hivyo basi, anayeanza kulea madume na malkia siku moja atajikuta ana malkia waliokomaa na madume ambao bado ni wachanga. Anza na madume, uwatangulize kwa siku 15.

Unapombinya dume, mbegu hutokeza zikiwa na rangi ya krimu inayoelekea hudhurungi, zikiwa zimekaa juu ya ute mweupe. Chukua zile za rangi ya krimu, na ute uuache kabisa, kwa maana huganda ukipata hewa, huziba sindano, na ukiingia katika mirija ya mayai unaweza kumuua malkia. Dume akitoa kinyesi, mtupe na uoshe vidole kabla ya kumshika mwingine, hata kama umebakiwa na madume wachache. Mimi niliwahi kuona uchungu kumtupa mmoja, nikachafua mrija mzima.

Ukishayamudu hayo, kugandisha kuna maana. John Harbo wa Marekani alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba mbegu za nyuki huweza kuhifadhiwa katika naitrojeni kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, zikichanganywa kwanza na kiowevu kinachozikinga zisipasuliwe na chembe za barafu. Hata hivyo, mbegu zilizoyeyushwa hufika chache katika kifuko cha malkia cha kuhifadhia mbegu, hata zile zinazoonekana zikichezacheza chini ya hadubini. Kwa hiyo usimtegemee malkia huyo akupe kundi la kuvuna asali. Mchukulie kuwa mama wa malkia: pata kwake majana (watoto wa nyuki walio bado kama funza) machache ya kike, uyahamishie kwenye vikombe vya kulelea malkia, kisha uwahimilishe mabinti hao kwa mbegu mbichi.

Kuhusu naitrojeni yenyewe, wahimilishaji wa ng'ombe ndio walimu wetu wa karibu, kwa kuwa wamezoea kutunza mitungi yenye mbegu kutoka kituo cha taifa cha Usa River, Arusha. Kutoka kwao nilijifunza kupima kina kwa kijiti kikavu cha mbao: unakizamisha, unakitoa, na mahali utando mweupe wa barafu unapoishia ndipo kimiminika kilipofika. Naitrojeni hupungua kila siku hata mtungi usipofunguliwa, na mvuke wake hufukuza hewa tunayovuta, kwa hiyo ukiusafirisha kwa gari kutoka mjini acha vioo wazi njia nzima, hata mvua ikinyesha.