Mbona gesi yote haipeperuki?

Ndugu yangu wa Shela uliyeuliza kwa nini sayari ya gesi iliyo karibu mno na nyota yake haipeperuki yote: uzito wake ndio unaoishika. Sayari hiyo, 51 Pegasi b, ina karibu nusu ya masi ya Mshtarii, yaani Dunia zetu mia na arobaini na ushei. Mvutano wa namna hiyo hauachii gesi hivihivi, hata kwenye joto la karibu nyuzi 1,000 za Selsiasi.

Mwaka wake ni siku 4 na kitu. Utaridi, jirani wa jua, huchukua 88! Wanaastronomia Mayor na Queloz walipoitangaza 1995 hawakuwa wameiona. Walipima nyota inavyoyumba ikivutwa na sayari hiyo. Nobel wakapewa 2019.

Kuiona sayari yenyewe, sahau. Nyota yake, umbali wa miaka-nuru 50 hivi, utaipata: Novemba baada ya Isha, usiku usio na mwezi, nenda ufuoni mbali na taa za hoteli, elekea kaskazini, tazama juu sana. Kuna mraba mkubwa wa nyota nne. Kushoto kwake kidogo, nukta hafifu. Macho yakishindwa, azima darubini ya nahodha, inatosha.